Haki ya Mbwa Mzee

Mbwa huzeeka upesi kuliko mtu anayemfuga. Wa umbo kubwa huanza uzee akiwa na miaka 6 au 7. Wa umbo dogo anaweza kufika 15 na kuipita. Maradhi yake ya uzee yanajulikana: mtoto wa jicho, uziwi, meno kuoza, maungo kukakamaa kwa baridi yabisi, figo kuchoka, vali za moyo kuvuja, mkojo kumtoka usingizini. Wengine huchanganyikiwa. Huzunguka usiku kucha, husimama wakikodolea ukuta, humbwekea mtu waliyekaa naye miaka yote. Katika vijiji vya Afrika Mashariki mbwa wengi hawafiki huko, kwa kuwa kichaa cha mbwa, kupe, njaa, magari na sumu huwamaliza mapema. Pengine ndiyo sababu swali la mbwa mzee halizungumzwi sana, ingawa limewashughulisha wanafalsafa na wanazuoni kwa karne nyingi: mnyama aliyefugwa ili alinde, akishindwa kulinda, ana haki gani kwa aliyemfuga?

Jibu la zamani zaidi husimama juu ya utumishi. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya kwanza na ya pili, alimlaumu Cato, mwanasiasa wa Roma aliyejulikana kwa ubahili, kwa kuwauza watumwa wake wakizeeka ili asiwalishe bure. Plutarch akasema yeye asingeuza hata ng'ombe aliyezeekea kazini kwake. Akasimulia habari za nyumbu wa mizigo waliotumika kujenga hekalu la Athens, wakaachiwa huru kazi ilipokwisha. Mmoja wao akawa anarudi mwenyewe na kutembea mbele ya wenzake waliokuwa bado wanavuta, mpaka wananchi wakaamua alishwe kwa fedha za umma hadi afe. Akataja pia mbwa wa Xanthippus, baba yake Pericles kiongozi wa Athens, ambaye mwaka 480 K.K., watu wa Athens walipoukimbia mji wao mbele ya jeshi la Waajemi, aliogelea kando ya merikebu ya bwana wake hadi kisiwa cha Salamis. Bwana wake akamzika kwa heshima juu ya rasi.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliliweka jambo hilo katika mfumo. Katika mihadhara yake ya maadili alitoa mfano wa mbwa aliyetumika kwa uaminifu muda mrefu: uaminifu wake unafanana na wema wa mtumishi, na akiwa hawezi tena kazi, mwenyewe anapaswa kumtunza mpaka mwisho. Katika kitabu chake cha maadili cha 1797 alirudia kwamba farasi au mbwa mzee anastahili shukrani kana kwamba ni mmoja wa watu wa nyumbani. Lakini Kant hakukubali kwamba mbwa mwenyewe anamdai mtu chochote. Kwake yeye, anayempiga risasi mbwa wake kwa sababu hafai tena kwa kazi hamkosei mbwa. Anaharibu ubinadamu ulio ndani yake mwenyewe, na aliyezoea kumtupa mnyama hatachelewa kumtupa mtu.

Hoja ya utumishi inapendeza kwa kuwa inafanana na maisha ya watu. Mlinzi wa shamba aliyekesha miaka kumi hafukuzwi kwa kuugua miguu bila majirani kunong'ona. Hata hivyo ina ufa. Ikiwa deni latokana na kazi, basi mbwa mvivu hana deni, na aliyezaliwa na kilema hana kabisa. Mbaya zaidi, deni la kazi lina kikomo: atafika mtu na kuhesabu mifupa, ugali na dagaa aliompa mbwa kwa miaka yote, aseme wamelipana. Na katika jibu la Kant mbwa anabaki chombo cha kumfundishia mtu adabu. Anayeumwa ni mbwa, anayehesabiwa ni mwanadamu. Mwanafalsafa wa Kiingereza Jeremy Bentham, mwaka 1789, alikuwa amekwisha kuugeuza upande huo wa hesabu kwa kusema kwamba la kuuliza juu ya mnyama ni kama anaweza kuumia, wala si kama ana akili au lugha.

Jibu lenye nguvu zaidi lilitolewa karne tano kabla ya Bentham, na halikutoka Ulaya. Izzuddin bin Abdissalam, fakihi wa Kiislamu wa madhehebu ya Shafii aliyezaliwa Damascus na kufariki Cairo mwaka 1262, aliandika kitabu cha misingi ya hukumu za sheria, na ndani yake akapanga haki za wanyama juu ya mwanadamu. Ya kwanza ni kuwapa matumizi yao ya chakula na maji hata wakizeeka, au wakiugua ugonjwa usiopona, kiasi cha kutofaa tena kwa kazi. Nyingine ni kutowabebesha wasichokiweza, kutowachanganya na wanaowadhuru, kuwachinja vizuri wanaochinjwa, na kutomchinja mtoto mbele ya mamaye. Ametumia neno haki, na mwenye haki ni mnyama. Manufaa yameondolewa katika hesabu waziwazi, na yameondolewa pale pale ambapo hoja ya utumishi hulegea: mnyama amechoka, haponi, hafai.

Kwa Mwislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako madhehebu ya Shafii ndiyo yaliyoenea, kauli hiyo inagongana na hukumu nyingine anazozijua tangu chuoni. Mbwa kwa Washafii ni najisi nzito: kilichoguswa na mate yake au umajimaji wake wowote huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Wafuasi wa Imamu Malik wanamhesabu mbwa kuwa twahara, lakini hao wako mbali na Lamu na Unguja. Kisha zipo hadithi za Mtume katika vitabu vya Bukhari na Muslim zinazosema kwamba anayefuga mbwa asiye wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba hupungukiwa kila siku na kirati moja ya thawabu zake, na katika mapokezi mengine kirati mbili. Washafii wameongeza kwa kulinganisha mbwa wa kulinda nyumba. Ruhusa ya kufuga, basi, imefungwa kwenye kazi. Kazi ikiondoka, je, ruhusa haiondoki nayo?

Vitabu vya madhehebu vimelikaribia swali hili kwa njia ambayo wasomaji wengi hawaitarajii. Mafakihi huwagawa mbwa mafungu matatu. Mbwa mkali anayedhuru watu hana kinga. Mbwa mwenye manufaa uhai wake una heshima, na heshima hiyo ni nzito kiasi kwamba msafiri mwenye maji kidogo, mbwa wake akiwa na kiu, humwachia mnyama maji na yeye akatayamamu kwa udongo. Fungu la tatu ni mbwa asiye na faida wala madhara. Hapo wanazuoni walitofautiana. Wako walioona hana kinga, akiwemo Sheikh Zakaria al-Ansari, na wako waliosema ni haramu kumuua. Hii ya pili ndiyo iliyoshikwa na Ramli, mwandishi wa ufafanuzi mkubwa wa Minhaji, kitabu cha sheria cha Imamu Nawawi. Mbwa mzee aliyepofuka, aliyelala kivulini na hamtishi mtu, ni wa fungu hili la tatu. Kinga yake haikutokana na kazi aliyofanya zamani. Imetokana na kwamba hana kosa.

Lakini kutokuuawa hakumshibishi. Minhaji yenyewe, katika mlango wa matumizi, inamlazimisha mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha, na akikataa hakimu humlazimisha achague moja kati ya hiari tatu kwa mnyama anayeliwa, yaani kuuza, kulisha au kuchinja, na hiari mbili kwa asiyeliwa: kuuza au kulisha. Mbwa kwa Washafii hauziki. Kinachobaki ni kumlisha, au kumwachilia akajitafutie, au kumpa mtu atakayemtunza. Kuachilia huku ndiko kunakotumiwa vibaya. Sheria ilipomruhusu mwenye mifugo kuitoa malishoni badala ya kuikatia majani, ilikuwa na sharti kwamba malisho yawatosheleze. Mbwa kipofu mwenye meno matatu, akitiwa kwenye gunia na kwenda kutupwa sokoni mji wa pili, hajaachiliwa ajitafutie. Ameachiliwa afe mbali na macho ya mwenyewe.

Na kirati je? Anayefuata mantiki ya mafakihi anaweza kujibu kwamba makatazo yanamlenga anayejichukulia mbwa bila haja, ilhali huyu alimchukua kwa haja halali na sasa anatimiza wajibu uliomfuata. Hata anayeshika msimamo mkali zaidi, kwamba kumweka mbwa huyo uani hakuna ruhusa tena, hawezi kukana kwamba kumpa maji kuna thawabu, kwa sababu hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kiatu chake kwa ajili ya mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu haikusema yule mbwa alikuwa wa nani wala alikuwa na kazi gani. Kinyume chake ni mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula na bila kumwacha atoke. Hukumu ya najisi haibadilishi lolote hapa; inahusu maji, nguo na mahali pa kusalia. Mkono mkavu juu ya manyoya makavu haunajisiki. Anayempangusa mbwa aliyejikojolea huvaa glavu, hutenga kitambaa na bakuli, humlaza mbali na mswala, na akiguswa na unyevu huosha kama alivyofundishwa. Ni usumbufu, na zaidi ya hapo haukatazi kitu.

Kama manufaa si msingi wa haki, msingi ni upi? Mwanafalsafa Clare Palmer, katika kitabu chake cha 2010, ameshikilia kwamba wajibu wa kumsaidia mnyama hutofautiana kulingana na uhusiano. Swala wa mbugani akizeeka hamdai mtu yeyote kitu, kwa kuwa hakuna mtu aliyemfanya awe alivyo. Mbwa ni kiumbe mwingine. Wanadamu wamekaa naye zaidi ya miaka 15,000, wakamchagua vizazi kwa vizazi mpaka akawa mnyama anayetazama uso wa mtu kabla ya kuamua la kufanya. Halafu mtu mmoja akamchukua mtoto wa mbwa mmoja, akamfunga mnyororo au akamzungushia ua, na tangu siku ile chakula, maji, dawa na njia ya kutokea vikawa mikononi mwa mtu huyo. Utegemezi huo umetengenezwa, na aliyeutengeneza ndiye mwenye kudaiwa. Deni la namna hii halipungui mbwa akizeeka. Linaongezeka, maana hapo ndipo utegemezi unapokamilika.

Wahindu wana kisa cha zamani kinachosimama upande huohuo. Mwishoni mwa Mahabharata, mfalme Yudhishthira anapanda milima kuelekea mbinguni. Mkewe na ndugu zake wanaanguka njiani mmoja mmoja, na anayebaki naye ni mbwa aliyewafuata tangu mjini. Mungu Indra anakuja na gari la kumchukua, kwa sharti amwache mbwa, kwani mbwa hana nafasi mbinguni. Yudhishthira anakataa: hawezi kumtupa aliyejisalimisha kwake. Mbwa huyo hakuwahi kumlindia nyumba wala kumwindia mnyama. Alimfuata tu. Kisa kinamfunua baadaye kuwa ni Dharma, mungu wa uadilifu, aliyejigeuza, jambo ambalo kwa maoni ya wengine linapunguza makali ya hadithi, maana mbwa wa kawaida naye alistahili jibu lilelile.

Kwa Wakristo, kitabu cha Mithali kinamwelezea mwenye haki kuwa ni mtu anayejali uhai wa mnyama wake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992, kifungu cha 2418, inakataza kuwatesa wanyama au kuwaua bure, lakini papo hapo inasema haifai kuwatumilia fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza shida za binadamu. Pingamizi hili lina uzito Afrika Mashariki kuliko Ulaya. Nyumba yenye mtoto anayedaiwa ada na mbwa anayehitaji upasuaji haina cha kujadili, na hakuna dini inayoitaka ijadili. Ila pingamizi hutumiwa mara nyingi na watu ambao fedha zenyewe hazikuwa ziende kwa maskini yeyote. Tena sehemu kubwa ya haki ya mbwa mzee haina bei kubwa: gunia kavu juu ya sakafu ya saruji, maji karibu na alipolala, chakula kilicholainishwa kwa mchuzi usio na chumvi nyingi, kupe kuondolewa, kucha kukatwa, kutohamishiwa vitu ovyo kwa aliyepofuka ili asijigonge. Upasuaji ni ziada. Gunia si ziada.

Ugumu wa utunzaji uko zaidi kwenye kuyatambua maumivu. Mbwa huficha. Halii, huacha kupanda ngazi, hulala zaidi, hulamba kiungo kimoja mpaka manyoya yaishe, huhema bila joto, hukataa kuguswa. Wengine humwuma mtoto waliyekua naye, na hapo mwenye haraka humhamishia kwenye fungu la mbwa mkali asiye na kinga. Haraka hiyo ina hatari pande mbili. Mbwa anayeuma kwa maumivu hutulia akipata dawa, kwa hiyo ukali wake ni ugonjwa. Upande wa pili, katika nchi zenye kichaa cha mbwa, mnyama aliyebadilika tabia ghafla hana budi kutengwa na kuonwa na daktari wa mifugo, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni na kwenda hospitali siku hiyohiyo, kwani ugonjwa huo ukishaonyesha dalili hauna tiba. Huruma nyingine huua: vidonge vya maumivu vya binadamu, kama ibuprofeni na diklofenaki, vinavyopatikana kila duka la dawa, humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Dawa zake zipo na hutolewa kwa kipimo cha uzito wake.

Linabaki swali ambalo halikwepeki mbwa anapofika mahali ambapo hakuna dawa inayomtuliza: kumwondolea maumivu kwa kumwondolea uhai. Hapa madhehebu yanaachana. Wahanafi wamesema kwamba punda akiugua asifae tena, hakuna ubaya kumchinja apumzike. Washafii wamekataza kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha, na mfano wao ni punda huyohuyo mwenye ugonjwa usiopona. Wako wanazuoni wa leo, wa madhehebu mbalimbali, wanaoruhusu pale ambapo mateso ni makali na matumaini yamekwisha, wakiegemea hadithi inayoamrisha ihsani, yaani kutenda vizuri, katika kila jambo, hata katika kuua. Wabudha wengi hawaafiki: kuua ni kuua, na anayeua kwa huruma huenda anakimbia maumivu yake mwenyewe ya kutazama. Wanafalsafa wa kilimwengu wa Magharibi, kwa sehemu kubwa, wanaona ni wajibu.

Hoja ya wanaoruhusu ni kwamba mbwa hana kitu cha kumvumilisha. Binadamu mgonjwa anaweza kutaka mwezi mmoja zaidi ili amwone mtoto wake akioa, au atubu, au amalize deni. Maumivu yake yana upande wa pili. Mbwa hawezi kuelezwa kwamba sindano ya leo ni kwa ajili ya nafuu ya kesho. Anachokijua ni sindano. Kumrefushia maisha ya namna hiyo ni kumtaka alipe bei ya jambo asilolielewa, na mara nyingi anayelitaka ni mwenye nyumba asiyeweza kuachana naye. Hoja ya wanaokataza haipaswi kudharauliwa pia. Ruhusa ikishakuwepo, uchovu hujivika nguo za huruma. Mtu aliyechoka kufua magunia yenye mkojo atajiambia kwamba mbwa anateseka, na mbwa hana ulimi wa kumsahihisha. Tena msimamo wa Washafii haumwachi mtu amekunja mikono: maumivu yatulizwe kwa dawa, mnyama alazwe pazuri, alishwe anachoweza kumeza, mpaka ajali yake ifike.

Dhidi ya kujidanganya huko, Alice Villalobos, daktari wa mifugo wa Marekani, alitunga mwaka 2004 kipimo cha kuyakadiria maisha ya mnyama mgonjwa, chenye maswali saba: maumivu, kula, kunywa, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema bado zinazidi mbaya. Kila swali hupewa alama hadi 10, na jumla ikizidi 35 utunzaji unaendelea. Namba hizo si amri, na daktari yeyote mwaminifu atakubali kwamba furaha ya mbwa haipimwi kwa rula. Faida yake ni kumlazimisha mwenye kuamua amtazame mbwa kwa zamu, swali baada ya swali, kabla ya kujitazama mwenyewe. Maswali mawili ya kuongeza, ambayo kipimo hakina, ni kama dawa ya maumivu ilijaribiwa kweli, na kama uamuzi ungekuwa uleule endapo jirani angejitolea kumwosha mnyama kila asubuhi.

Juu ya namna ya kuua hakuna mgawanyiko. Daktari humpa mbwa dawa ya usingizi kwanza, kisha pentobabitali nyingi kupitia mshipa, na moyo husimama dakika chache baadaye akiwa hana fahamu. Sumu ya strikinini, iliyotumika miaka mingi kuwaangamiza mbwa wazururaji, huua kwa mikakamao mnyama akiwa macho. Hakuna tafsiri ya dini wala falsafa inayoiita rehema, wala rungu, wala kufungiwa njaa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya 2008 na sura ya 360 ya sheria za Kenya zinahesabu ukatili kwa mnyama kuwa kosa, na mnyama kuwa mzee hakumtoi katika kinga hiyo.

Baada ya kufa hakuna ibada inayomhusu mbwa katika Uislamu wala katika makanisa mengi, ila mzoga wake hauachwi njiani. Aliyekufa kwa pentobabitali ana sharti la ziada. Dawa hubaki katika nyama na haiozi upesi, na fisi, tai au mbwa wa jirani akila mzoga huo hufa pia. Shimo lake huchimbwa refu na kufukiwa siku ileile.